Kidude Chekundu

Kompyuta ya Aysar ilikuwa na tabia moja: umeme wa serikali ukirudi, ilijiwasha yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Feni yake ilianza tu kuvuma pale pembeni mwa sebule, chini ya kitambaa cheupe alichokitarizi mama yake, na taa ndogo ya buluu ikafumbua jicho. Aysar ndiye aliyeipanga hivyo. Baghdad ya mwaka ule umeme ulikuja kama mgeni asiye na haya, bila saa wala taarifa, na yeye hakutaka kuupoteza hata kidogo.

Siku Aysar alipochukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani, akiwa anatoka chuoni, kompyuta ilibaki na tabia yake ile ile. Mama yake alikuwa akiusikia ule mvumo akiwa juu ya msala, anatoa salamu kwa haraka kisha anakwenda kukaa mbele ya kioo cha mashine. Hakujua kuitumia. Alijua jambo moja tu alilofundishwa na mwanawe: bonyeza hapa, halafu hapa, na picha zitakuja. Basi alibonyeza hapa, halafu hapa, akamtazama mpaka umeme ukatike.

Sasa mashine ilikuwa kimya. Ilikuwa kimya tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Jumatano, na Rafif, dada yake Aysar, alikuwa amesimama dirishani akimngoja Sarmad aje na bisibisi zake. Kila alipoipitia ile kona alihisi kama anapita mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimpiga na hajamwomba radhi.

Mambo yalianza Jumapili. Wazazi wake walikwenda mochwari, kama walivyokwenda kila wiki. Kule kuna ukumbi wenye viti vya plastiki, na mbele kuna skrini. Karani hubonyeza na maiti wa wasiojulikana hupita, mmoja baada ya mwingine. Karani huuliza, "Kuna mwenye wake?" Akinyamaziwa, hubonyeza tena. Watu humo hawalii mpaka zamu yao ifike, na zamu ya mtu ikifika wengine hugeuza macho ili aweze kulia vizuri.

Siku hiyo ilipita maiti iliyotolewa mtoni. Uso haukuwepo tena. Lakini ilikuwa na shati, shati la mistari ya kahawia, na mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa pembeni, umekaa upande kidogo. Mzee Hikmat, baba yake Aysar, aliinua mkono. Mama Aysar aliushika ule mkono akaushusha.

"Si yeye," alimwambia karani. "Endelea, mwanangu."

Karani aliendelea.

Walipotoka uani, Mzee Hikmat alimwacha mkewe kivulini akarudi ndani peke yake. Karani alikuwa kijana, macho yake mekundu kwa kutolala. Alimwambia, "Ami, mimi siwezi kukupa mtu kwa shati. Leta picha amelivaa hilo shati, tulinganishe. Lakini usikawie. Alhamisi asubuhi lori linaondoka kwenda Najaf na wasio na wenyewe."

Huko Najaf wangezikwa na vibao vya namba.

Picha ya Aysar akiwa na lile shati ilikuwepo. Ilikuwepo moja tu, ya sikukuu ya mwisho, amesimama mlangoni ameshika sahani ya kleicha, vile vibiskuti vya tende, mdomo umejaa. Na picha hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta. Nani angekwenda kusafisha picha studio mwaka ule, na njia ya studio ndiyo iliyokuwa na kile kizuizi?

"Umeme ukirudi tutaitazama," alisema Mzee Hikmat usiku ule wa Jumapili.  Mkewe alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, na aliendelea kuuchambua ingawa ulikuwa safi.

Jumatatu kutwa hapakuwa na umeme wa namna yoyote. Wa serikali haukuja. Jenereta la mtaa, ambalo kila nyumba ilivuta waya wake, lilikuwa limelala tangu usiku. Mwenye jenereta, Baba Hatim, alikaa kwenye kiti mbele ya lile lidude lake, fulana imemganda mwilini kwa jasho, akipokea matusi ya wanawake wa mtaa.

"Baba Hatim, barafu yangu imekuwa supu."

"Weka chumvi, Mama Shawkat, uinywe."

"Utatuua na joto."

"Dizeli hakuna. Vijana wangu wako kwenye foleni tangu jana. Unataka nikojolee tangi?"

"Kojoa, labda litaunguruma."

Rafif alicheka dirishani, na ndicho kicheko alichokuja kukikumbuka baadaye. Ilipofika alasiri, mtaa mzima ukapiga kelele kwa furaha, kwani umeme wa serikali ulikuwa umekuja. Kazi ya kubadilisha umeme ilikuwa ya yeyote aliye karibu. Ukutani karibu na mlango palikuwa na swichi kubwa yenye mpini: juu umeme wa serikali, chini jenereta. Mpini ulikuwa chini. Rafif alikimbia, akaushika, akausukuma juu.

Kule pembeni mwa sebule kitu kikalia "paa!", kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi. Kisha moshi mwembamba ukapanda nyuma ya kitambaa cheupe, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Feni haikuvuma. Taa ya buluu haikufumbua jicho.

"Umefanya nini?" aliuliza baba yake kutoka chumbani.

Rafif alibaki ameshika mpini. Mama yake alikuwa ameketi kwenye godoro la sebuleni, mikono mapajani, anatazama ukuta. 

Tangu hapo Rafif hakula vizuri. Mkono wake ndio uliousukuma.

Mtu habebi kompyuta mjini. Boksi la chuma lenye nyaya, kwenye kizuizi, ni njia nyepesi ya kufa. Ndiyo maana fundi huja nyumbani, naye huja kama mgeni, bila mkoba wa fundi. Sarmad alikuja na mfuko wa mikate. Alikuwa rafiki yake Aysar tangu shule ya msingi, mrefu, mwembamba, mwenye mazoea ya kuinama milangoni hata palipo juu.

"Salamu alaikum, ami. Hujambo, mama. Hujambo, Rafif." Alilitamka hilo jina la mwisho akiwa anatazama mikate.

"Umepitaje?" aliuliza Mzee Hikmat.

"Askari kaubonyeza mkate. Kaniuliza, mbona mgumu hivi? Nikamwambia, afande, wa jana. Kaniambia, basi wewe ni maskini kuliko mimi, pita." Alitoa mikate ya samuni mitatu, na chini yake akatoa boksi la chuma lililofungwa kwa mtandio wa mama yake. "Hii ndiyo mikate yenyewe. Pawasaplai, ya kuilisha mashine umeme. Kama iliyoungua ni hii tu, leo mtamwona."

Alijing'ata mdomo mara alipolisema hilo la mwisho.

"Tutaliona shati," alisema Mzee Hikmat taratibu. "Fanya kazi yako, mwanangu. Ofisi yao inafungwa saa kumi. Kesho lori linaondoka."

"Shati kama lile limejaa soko zima," alisema Mama Aysar kutoka mlango wa jikoni.

"Nimekusikia, Mama Aysar. Tangu Jumapili nakusikia."

"Unataka kumzika mtoto wa watu, umpe jina la mwanangu. Aysar akirudi utamwambia nini? Kwamba tulikula ubwabwa wa matanga yako?"

"Na kama ni yeye? Umwache azikwe kama mbwa aliyeokotwa? Nataka mahali pa kusimama nikasoma Fatiha. Ni kitu kikubwa hicho?"

"Kwangu mimi ni kikubwa," alisema mkewe.

Sarmad alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alikiondoa kitambaa cheupe, akakikunja kwa uangalifu, akamkabidhi Rafif. Akafungua skrubu za nyuma na kulivuta bati la ubavuni. Ndani kulikuwa na vumbi la mwaka mzima, laini kama unga, na mdudu mkavu. Alinusa kama mpishi anavyonusa chungu.

"Imepasuka hii," alisema, akigonga pawasaplai ya zamani. "Hata kuipima hakuna haja." Akaizungusha ili aone soketi ya nyuma, akaiinamia.

Karibu na soketi ya waya palikuwa na kidude chekundu, kidogo kama jino, cha kuteleza kulia au kushoto. Upande mmoja ni wa umeme mkubwa wa mia mbili na ishirini. Upande wa pili ni wa umeme mdogo, mia na kumi na tano, wa nchi za watu wengine. Kila mtu Baghdad mwenye kompyuta alikuwa anakijua kile kidude. Jenereta la mtaa likizidiwa, umeme hufika nyumbani umekonda, na kompyuta hukataa kuwaka. Basi watu hukishusha kidude, yaani hukitelezesha upande wa umeme mdogo, na mashine huamka. Ni ujanja wa watu waliochoka kungoja. Lakini ole wao wakisahau kukirudisha, umeme wa serikali ukaja mzima mzima.

"Nani amekishusha hiki?" aliuliza Sarmad.



"Aysar alikuwa akikishusha, ndiyo, tumekishusha wote," aliendelea, kama anajisemea. "Lakini yeye alikuwa na desturi. Akikishusha, anafunga mpini wa pale ukutani kwa kamba ya kiatu, mtu asiweze kuusukuma. Mimi nilikuwa namcheka. Namwambia, wewe unafunga umeme kama mbuzi."

"Mimi nimekishusha," alisema Mama Aysar.

Wote waligeuka.

"Jumatatu. Jenereta lilikuwa dhaifu, nikataka kumwona mwanangu. Nikafanya kama alivyokuwa akifanya. Nikasahau kukirudisha." Aliyasema moja kwa moja, mikono kwenye aproni. "Ni dhambi?"

Mzee Hikmat aliufunika uso kwa viganja vyake. "La ilaha illa Allah," alisema humo ndani ya viganja. "Siku hiyo hiyo. Haikupatikana nyingine."

"Usijali, mama," alisema Sarmad. "Mimi mwenyewe nimeshaunguza mbili, na mimi ndiye fundi. Diski iko kwingine, picha ziko kwenye diski. Aghalabu diski inapona."

"Aghalabu," alirudia Mama Aysar, akaingia jikoni.

Mzigo ulimshuka Rafif mabegani. Kumbe si yeye. Alikaa pembezoni mwa godoro akiwa ameshika kile kitambaa, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akasikia njaa. Akafikiria mkate wa samuni. Halafu akafikiria Jumatatu yenyewe, joto lake, kicheko chake dirishani, Mama Shawkat na supu ya barafu, Baba Hatim na tangi lake tupu.

Njaa ikamtoka. Akainuka akaenda jikoni na kuurudisha mlango nyuma yake.

Mama yake alikuwa ameupa mlango mgongo, anangoja chai ichemke juu ya jiko la mafuta ya taa.

"Mama. Jumatatu jenereta halikuwaka."

"Liliwaka kidogo."

"Halikuwaka kabisa. Dizeli haikuwepo tangu usiku. Mtaa mzima unajua. Hukumtazama Aysar siku ile. Hapakuwa na umeme wa kumtazamia."

Maji yalianza kuchemka. Mama Aysar alitia majani, akapunguza utambi.

"Ulikishusha umeme ukiwa haupo, ukakaa, ukangoja," alisema Rafif. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa ajili ya wale wa sebuleni. "Ukanitazama nakimbilia mpini."

"Nilidhani baba yako ndiye atakayeusukuma."

"Na ulipoona ni mimi?"

"Ulikuwa umeshafika." Mama yake aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu, macho makubwa, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Ningekupigia kelele, ningesema nini? Ningesema nini, Rafif?"

Rafif alitazama mvuke wa chai.

"Mimi sijui kufuta picha. Ningejua, nisingeweza. Ningezifutaje? Aliniambia mara mia, mama, kidude hiki kikiwa huku na umeme wa serikali ukaja, agana na kila kitu. Ndicho ninachokijua kwenye mashine ile. Kubonyeza mara mbili, na hicho."

"Uliona nini kule ukumbini?"

Mama alipanga vikombe vya chai kwenye sinia. Vilikuwa vinne. Alikitazama cha tano kabatini, akafunga kabati.

"Mifuko ya mashati watu wote wanashona," alisema. Kisha, kwa haraka, akamshika bintiye kiwiko. "Nenda kamwambie Sarmad imekufa. Mwambie aiache. Wewe atakusikiliza, anakuonea haya yule mtoto, hawezi hata kulitaja jina lako akikutazama. Mwambie tu aseme imekufa. Lori liondoke na hao wasiokuwa wetu. Sisi tukae tungoje. Unashindwa kungoja?"

Rafif alibeba sinia akatoka.

Sarmad alikuwa amefunga pawasaplai mpya na kukiangalia kidude chake mara mbili. Nje, jenereta la Baba Hatim, ambalo leo lilikuwa limepata dizeli, lilikuwa likikohoa na kunguruma. Alichomeka plagi. Feni ilizunguka. Mzee Hikmat aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. Lakini kioo kilibaki cheusi, na taa ya buluu iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, kama mtu anayepepesa jicho linalomuuma.

"Feni inazunguka, akili haiji," alisema Sarmad. Alizima, akachomoa plagi, akaingiza vidole ndani na kutoa kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. "Hii ndiyo kumbukumbu yake. Meno yamechafuka, na ule mlipuko umeitikisa. Nitaisugua." Alijipapasa mifukoni. "Rafif, hapa ndani kuna raba? Ile ya kufutia penseli. Nimeisahau kwa kuihangaikia mikate."

"Na bila raba?" aliuliza Mama Aysar. Alikuwa amesimama tena mlangoni mwa jikoni.

"Bila raba, mama, sijui. Niende nirudi, na vizuizi hivi, saa kumi itanikuta njiani. Itakuwa basi tena."

Raba ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kikopo cha shule, chumbani, chini ya kitanda, na Rafif aliijua hata pembe yake iliyong'atwa. Alikwenda chumbani. Alipiga magoti akalitoa kopo, akaishika raba kiganjani. Ilikuwa nyepesi mno. Angeweza kutoka na kusema haipo, na hakuna ambaye angemhoji. Mama yake angepika chakula cha jioni, na alfajiri angeswali, na angengoja. Na Aysar, kama ni Aysar, angelala kwenye lori kati ya watu asiowajua, bila jina, na yeye ambaye mkono wake uliusukuma mpini angekuwa ameusukuma mara ya pili. Mara hii akijua.

Pembe iliyong'atwa ilikuwa na alama za meno ya Aysar. Zamani walikuwa wakigombea raba hiyo moja.

Alitoka nayo. Hakumtazama mama yake alipokuwa anampa Sarmad.

Sarmad alisugua yale meno ya dhahabu, upande huu na upande huu, akapuliza vumbi, akairudisha mahali pake mpaka ikalia ta. Akachomeka plagi. Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, na kioo kikapata rangi.

"Bismillahi," alisema Mzee Hikmat. Alishuka kwenye kiti akaja kukaa chini, karibu kabisa, kama mtoto mbele ya televisheni. "Zipo? Tazama, zipo?"

"Zipo, ami. Diski nzima. Subiri tu, umeme wa Baba Hatim ni mwembamba, inakwenda pole pole." Mkono wake ulitembea. "Hizi za chuo. Hizi za mechi. Mimi huyo, msinitazame. Hii hapa. Sikukuu."

Alibonyeza. Picha ilianza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama pazia linaloteremshwa na mtu mvivu. Kwanza fremu ya mlango wao. Kisha nywele, zilizolowekwa na kuchanwa. Kisha paji la uso.

Mama Aysar alikuwa amegeukia ukuta.

Macho yakaja, yanacheka. Shavu lililojaa kleicha. Ikaja kola, ya mistari ya kahawia.

Hapo chumba kikafa. Feni ikanyamaza, kioo kikawa cheusi, na nje mngurumo wa jenereta ukakatika kwa mkoromo. Sauti ya Baba Hatim ikapanda mtaani. "Nani amewasha pampu? Nimesema pampu hapana. Mama Shawkat, ni wewe, nakujua, usijifiche nyuma ya nguo ulizoanika."

"Mimi? Mimi nina barafu ya kunywa."

Mzee Hikmat aliendelea kutazama kioo cheusi. "Kola ni ile," alisema. "Mfuko sikuuona. Umeona mfuko, Sarmad?"

"Haukufika, ami."

"Tungoje. Atawasha tena. Tungoje kidogo." Aliitazama saa yake ya mkono, akaifunika kwa kiganja. 

"Hamna haja," alisema Mama Aysar.

Hakugeuka. Alizungumza na ukuta, kwa sauti ya kuagiza kitu dukani.

"Waambie waugeuze ule mfuko. Ndani, upande usioonekana. Watakuta uzi wa kijani. Wa kahawia ulikuwa umeniishia na duka lilikuwa limefungwa, na yeye alikuwa na haraka, sikukuu, wenzake wanamngoja nje. Nikamshonea kwa wa kijani. Akaniambia, mama, rangi gani hii, nitachekwa. Nikamwambia, vaa, ndani nani atakuona." Alipitisha kidole ukutani. "Na fundo liko chini kushoto. Nilikata uzi kwa meno. Ukikata kwa meno unabaki na kimkia."



"Ulimjua," alisema mumewe. "Pale pale ukumbini."

"Niliujua mkono wangu. Mfuko ulikaa upande kwa sababu alikuwa hatulii." Sasa aligeuka, akamtazama bintiye, si mumewe. "Twende. Saa ngapi wanafunga?"

Mzee Hikmat alikuwa bado ameketi chini. Sarmad alimshika kwapani akamwinua, akamvalisha koti juu ya fulana, akamtafutia kiatu kilichokuwa kimeingia chini ya kochi. Alisema atakwenda nao, kuna teksi ya binamu yake pale kwenye kona, mtu mzuri, haulizi maswali. Alisema mengi kuliko alivyosema mchana wote, kwa sababu mtu mmoja alipaswa kusema.

Mama Aysar alijitanda baibui lake. Kisha akanyoosha mkono kwa Rafif, na Rafif akaelewa, akampa kile kitambaa cheupe. Mama alikikung'uta vumbi mara moja, akayatazama maua yake, akakitia kifuani ndani ya baibui.

"Sanda watampa wao," alisema. "Hiki ni cha juu."

Walikuwa wamefika mlangoni wakati mtaa ulipopiga kelele. Umeme wa serikali. Juu ya mapaa, kwenye madirisha, watoto kwa wakubwa, kelele ile ile ya Jumatatu. Rafif alikuwa ndiye aliye karibu na swichi. Mpini ulikuwa chini, upande wa jenereta. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, ukaushika, ukagoma.

Alimtazama Sarmad.

"Kiko mahali pake," alisema Sarmad. "Nimekiangalia mara mbili."

Alisukuma.

Hakuna kilichopasuka. Taa ya sebule iliwaka juu ya vikombe vinne vya chai ambavyo hakuna aliyevigusa. Halafu pembeni, bila kitambaa chake, bati lake la ubavu limeachwa wazi, kompyuta ikaanza kuvuma.

Mama Aysar alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. "Nani ameiwasha?"

"Imejiwasha, mama," alisema Rafif. "Ndivyo alivyoipanga."

Mama yake alisikiliza. Mzee Hikmat na Sarmad walikuwa wameanza kuteremka ngazi, na honi ya teksi ilikuwa inaita.

"Iache," alisema, akatoka.

Rafif alifunga mlango kwa ufunguo. Hata kwenye ngazi, mpaka walipopinda, aliendelea kuisikia.